Komba Apunguzwe Macho

Habari ya siku ile ililetwa kijiweni na gari. Lilipita Pujini baada ya swala ya alasiri, polepole kwa ajili ya mashimo, kipaza sauti kimefungwa juu ya paa kwa kamba ya usumba, likitangaza kwamba Jumamosi madaktari wa macho watakuwa Chake Chake. Mwenye mtoto wa jicho atapasuliwa bure, mwenye uoni hafifu atapewa miwani, na chai ipo. Lilipofika mbele ya baraza likatumbukia shimoni, likazimika. Wapita njia wakalisukuma, likawaka, likaenda zake kutangaza kwengine.

"Wanataka kura hao," alisema Ame.

Jina la Ame la kijiweni ni Mpinzani. Usidhani ni habari ya chama. Mwaka ule ndio kwanza vyama viwili vilikuwa vimeingia serikali moja, chake kimepata mawaziri kama chenzake, na tangu siku hiyo Ame hana raha, maana hajui tena ampinge nani. Ukimwambia leo Jumanne, atakuuliza nani kasema.

Soud alimkumbusha kwamba uchaguzi uko miaka minne mbele.

"Ndo maana yake," Ame akajibu. "Wanaanza na macho mapema, ili siku ikifika kila mtu aione alama yao kwenye karatasi."

Huyu Soud ndiye Mizani. Alipima karafuu za watu kituoni mpaka akastaafu, na kazi ikamganda mwilini: ukimpa kashata mbili huzinyanyua, moja mkono huu na moja mkono huu, aone ipi imepunjwa. Akasema kama serikali ni ya pande mbili, basi jicho la kulia lipasuliwe na upande mmoja na la kushoto na upande wa pili, asije mtu akasema kapendelewa. Nyange muuza kahawa akacheka mpaka dele la kahawa likamtikisika mkononi.

Wa tatu barazani, Kificho, hakucheka. Alikaa pembeni kabisa, kalipa jua mgongo, kofia kaivuta mpaka kwenye nyusi.

Maana mtoto wa jicho alikuwa naye. Tena si mmoja, wawili, kila jicho na wake. Aliyejua ni mkewe Bi Moza peke yake, naye alikuwa kaapishwa. Na si kwamba Kificho aliogopa wembe wa daktari tu, ingawa wembe aliuogopa sana. Kificho ndiye aliyekuwa jicho la Pujini. Kwa umri wake wote, mwezi wa Ramadhani ukiandama, yeye ndiye wa kwanza kuuona, na watu wakifunga na wakila Idi kwa kidole chake. Mwaka huu walipokuja kumchukua akautazame, alisema shingo imemkaza. Sasa akikiri leo kwamba haoni, kesho watauliza tangu lini, na keshokutwa watataka miezi yake yote ya nyuma ihesabiwe upya. Kudai hesabu irudiwe ni jambo watu wa kisiwa hiki wamelizoea.

Basi akawa anajikokota hivyo hivyo. Jua kali lilimfanyia vibaya zaidi kuliko kitu chochote, kila kitu kikawa cheupe. Kukiwa na kivuli au jioni, alipata nafuu, akaona angalau umbo la mtu. Barazani alimjua kila mmoja kwa kikohozi na kwa mburuzo wa kandambili, na hakuna aliyemshuku.

Lakini pangoni alikuwa anaona.

Pango lenyewe lilikuwa la mdomo tu. Salem, mpwa wa mwenzao wa kijiweni Hamood, alirudi likizo kutoka Maskati na mchezo usio na ubao wala karata. Hamood anasimulia pango lililo chini ya magofu ya Pujini, wewe unasema mtu wako anafanya nini, kisha unatupa dado lenye nyuso ishirini, nalo linaamua: namba kubwa kafanikiwa, ndogo kaumbuka. Salem alirudi Maskati, mchezo ukabaki, na dhumna walizokuwa wakicheza zamani tangu hapo zikaliwa na vumbi. Kwa kuwa neno la Hamood pangoni ndilo la mwisho, aliitwa Serikali. Shehe aliposikia habari ya dado alikuja mwenyewe kuuliza kuna pesa gani. Akakaa, akawasikiliza watu wazima wenye wajukuu wakijadili namna ya kumvusha punda asiyekuwepo juu ya kisima kisichokuwepo. Akasema hiyo si kamari, huo ni upuuzi, na upuuzi ni makuruhu tu. Akanywa kahawa yake, akaondoka.

Siku ya kwanza kila mtu alichagua kipaji cha mtu wake. Ame alichagua nguvu za ng'ombe. Soud alichagua kujua lugha zote, za majini pamoja. Kificho alipoulizwa hakufikiri hata kidogo. Akasema mtu wake anaona gizani. Wakamwita Komba, kwa yule mnyama anayelia mitini usiku na macho kama visahani, na hakuna aliyeuliza kwa nini kachagua hivyo. Tangu hapo yeye ndiye aliyetangulia pangoni. Aliwaambia hapa pana shimo, pale pana mtu kasimama, na wao wakamfuata. Saa hiyo moja ya kila jioni Kificho aliipenda kuliko chakula.

Balaa lake ni kwamba maneno ya barazani yana miguu. Haukupita muda ikasikika mpaka Mtambile kwamba Pujini kuna mzee anaona gizani. Mama mmoja akaja kumuuliza mbuzi wake kapotelea wapi. Kificho, ili amwondoe tu, akamwambia katazame nyuma ya banda la karafuu la jirani yako. Mbuzi akaonekana. Bi Moza akaletewa kuku wa shukurani, na majirani wakaanza kumwamkia kwa adabu iliyozidi, wakimuuliza kama mumewe hulala usiku.

Hamood alifika na mkebe wake wa biskuti uliojaa dado. Hata hajakaa, Ame akasimama.

"Serikali, nna hoja. Komba apunguzwe macho."

Kificho akakiweka kikombe chini.

"Kwa kosa gani?" Hamood akauliza.

"Kwa kosa la kuona. Mchezo umekwisha ladha, yakhe. Weye unatega shimo, yeye kashaliona. Unamweka jini kisimani, hajanyanyuka, Komba kashamwamkia. Sie tunamfuata nyuma kama kuku wa kupelekwa sokoni. Mie nna nguvu za ng'ombe, na tangu tuanze nimebeba mzigo tu."

"Na mie najua lugha za majini," Soud akaongeza kwa masikitiko, "sijapata hata mmoja wa kumsalimu. Wote wanakimbia, washaonwa."

Hapo Hamood akavaa uso wa serikali. Alisema jambo zito kama hili haliamuliwi kwa kelele, liundiwe kamati ya watu sita, watatu kila upande. Soud akamwambia wako watatu tu. Hamood akafikiri, akasema basi kila mmoja awe wawili.

Kamati ikaanza kazi. Pendekezo la kwanza lilikuwa la Soud, kwamba wote wapewe kuona gizani, haki sawa. Ame akapinga: wakiona wote, giza la nini, si bora Hamood asimulie mchana. Pendekezo la pili, pasiwe na mtu anayeona. Hilo Soud mwenyewe alilikataa, maana walilijaribu siku Kificho alipokwenda mazikoni Wete, na walitumbukia kisimani kabla kahawa haijapoa. Pendekezo la tatu, Komba aone lakini asipambanue rangi.

"Nakubali," Kificho akasema upesi.

"Kakubali upesi mno," alisema Ame. "Pana kitu hapo. Tena pangoni mna rangi gani? Popo mweusi, jiwe jeusi, jini mweusi. Hapo hajapunguzwa kitu."

La nne lilikuwa la urefu: aone pima tatu tu mbele yake, basi. Likazuka swali pima za mkono wa nani. Ame ana mikono mirefu, akinyoosha anagusa nguzo mbili za baraza, naye Soud ni mfupi. Wakasimama kupimana. Mpita njia mmoja akauliza kama wanapima mtu wa kuzikwa. Hamood akasema kipimo kiwe wastani wa wote wawili, na Ame akapinga wastani.

Kificho alianza kupumua. Aliona watachoka, kama wanavyochoka siku zote, na mchezo utaanza, naye atatangulia. Ndipo Soud aliponyanyua mikono yake miwili, viganja juu, kama enzi zake kituoni.

"Sikizeni," alisema. "Mizani haitaki maneno mengi. Ukiongeza huku, unapunguza huku. Komba kapewa giza? Basi atozwe mwangaza. Aone gizani, mchana asione."

Hamood akapiga mkebe kwa kofi. Ame mwenyewe alitafuta la kupinga, akalikosa, akakaa. Nyange akasema Wallahi hiyo ndiyo haki aliyokuwa akiitafuta Serikali siku zote.

Uso wa Kificho uliwaka moto. Alikuwa anakaa na watu hawa miaka na miaka, akila nao kashata, na leo wamekaa kitako wakampimia msiba wake mwenyewe, wakauita haki. Hasira ikampanda na uchungu pamoja. Alitaka kunyamaza, ulimi ukakataa.

"Hilo haliwi," alisema.

"Haliwi kwa nini?"

"Kwa sababu hamjui mnalolisema. Mwamwona mtu huyo mnaemtaka? Akitoka pangoni jua likampiga, haoni giza. Afadhali angeona giza. Anaona weupe, kama kamwagiwa tui usoni. Mtu akija mbele yake hana pua wala mdomo. Anamjua kwa kikohozi. Akisikia kikohozi kigeni anacheka tu, asije akaumbuka. Nyumbani anajua vidaraja vya mlango wake kwa kuvihisabu. Anaamkia mbuzi, na mbuzi hamjibu, ndo anajua ni mbuzi."

Wenzake walikuwa wamekaa wima, macho yanawang'aa kwa furaha.

"Hapo ndipo ninapompendea Komba," alisema Hamood. "Anamvaa mtu wake. Nyie mnasema 'nampiga jini', mwisho. Sikizeni maneno hayo ya mbuzi."

"Hilo la mbuzi limezidi," Ame akasema. "Tumpunguzie. Mbuzi amjue."

"Akimjua mbuzi, mizani imeharibika," alisema Soud.

Wakaanza kugombania mbuzi. Kificho aliwasikiliza akashindwa kuamini masikio yake. Alikuwa kaitoa siri yote, toka mwanzo mpaka mwisho, mbele ya watu wanne, na wao wanaipunguza bei.

"Na hilo tui," Ame akarudi tena, maana hoja haimtoshi mpaka aitafune. "Lazima tujue. Ni tui la mwanzo lile zito, au la pili, jepesi?"

"La pili lilikuwa mwaka jana," Kificho akasema. "Sasa la mwanzo."

Nyange alikuwa anamimina kahawa, kikombe kikajaa, kikafurika, naye hajasimamisha mkono.

Soud ndiye aliyeanza, polepole. Alikumbusha siku ile Kificho alipomuua punda wake mwenyewe. Dado lilikuwa limeangukia ishirini, kila mtu kaliona, na Kificho akasema "moja", punda akatumbukia. Kawaida ya kijiwe ni kila mtu kusoma dado lake mwenyewe, kwa uaminifu. Soud siku ile alidhani ni ucha Mungu, mtu kukataa bahati iliyopita kiasi. Ame alikiri kwamba yeye alidhani ni hila, ila mpaka leo hakuelewa ni mwizi gani anayejiibia.

Ame akauingiza mkono mkebeni, au walidhani kauingiza, akaweka kitu kwenye mkeka mbele ya Kificho.

"Soma hilo, yakhe."

Kificho akainama. Aliona doa. Akakodoa, akasogeza kofia, akapima kwa fikra namba gani haitatiliwa shaka.

"Kumi na saba," alisema.

Kilikuwa kipande cha kashata.

"Haijawahi kupata alama nyingi hivyo," Nyange akasema kwa sauti ndogo, na hakuna aliyecheka.

Aibu ilimshika Kificho, akatamani baraza ipasuke. Akawa anangoja swali. Alijua litatoka upande gani, na likatoka huko huko.

"Na miezi?" Ame akauliza.

"Miezi yangu yote niliiona." Sauti ilimpanda juu bila ya yeye kutaka. "Naapa kwa Mola. Mwaka huu ndo sikuweza, nikasema shingo. Yote ya nyuma niliiona, kama ukucha, na pembe zake. Mkitaka kuihesabu upya hesabuni, lakini niliiona."

Hamood alikohoa, akaanza kusema kwamba jambo la miezi ni zito, pengine liundiwe kamati. Ame akamkata.

"Pasiundwe kitu," alisema. "Mie nilifunga kwa jicho la mtu huyu tangu sijaota ndevu. Mwezi wake mmoja ukibatilishwa, yote ina walakini, na mie nna umri huu, saumu zote hizo nitazilipa lini? Matokeo nayakubali."

Soud alimtazama. Hamood alimtazama. Tangu mfumo wa vyama vingi uingie nchini, Ame alikuwa hajawahi kuyakubali matokeo ya kitu chochote, hata ya mpira wa watoto. Nyange, ambaye hakuwa mtu wa machozi, aligeuka kando akajifanya anapuliza makaa. Na Kificho, aliyebeba hofu hiyo moja kwa miezi mingi, akahisi kifua kinafunguka mpaka akaona haya.

Sasa likabaki la Jumamosi. Wakasema wote kwa pamoja kwamba atakwenda Chake Chake, hata kwa kubebwa. Kificho akaleta kila udhuru alioujua. Wembe. Damu. Kisha umri. Kisha akasema madaktari wenyewe hawajulikani ni wa upande gani. Ame alimwambia hilo ni lake yeye Ame, asimwibie.

Ndipo Kificho akauliza lile lililokuwa linamkaa rohoni, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeulizia urithi.

"Nikitibiwa nikaona mchana, pangoni itakuwaje?"

Wote wakamgeukia Hamood. Hamood akamgeukia Soud, na Soud akanyanyua viganja vyake, kimoja huku, kimoja huku. Alivitazama muda mrefu. Ungesema analia, lakini kazi ni kazi.

"Muafaka ushafikiwa," alisema. "Anaeona mchana, gizani haoni. Vyengine itakuwa dhulma kwa Ame."

"Mie nimebeba mzigo tu tangu tuanze," Ame akasema, japo hakuonekana kufurahi.

Mchezo siku ile haukuchezwa. Hamood alifunga mkebe wake, Nyange akakusanya vikombe, na adhana ya magharibi ilipotoka wakainuka kwenda msikitini. Baada ya swala kila mtu akashika njia yake, na Ame, ambaye kwao ni upande mwengine kabisa, akamshika Kificho mkono bila ya kuulizwa.

Weupe wote wa mchana ulikuwa umekwisha, na njia ikaanza kumrudia Kificho kidogo kidogo: ukingo wake, mti wa pembeni, paa la nyumba. Ame alikuwa anatembea kwa uangalifu mkubwa, akimwongoza mgonjwa wake, macho yake yote kayaweka kwa mgonjwa. Kificho akamvuta mkono kwa nguvu.

"Shimo, yakhe."

Ame akasimama. Lilikuwa shimo lile lile la mbele ya baraza lililozima gari la matangazo, hatua moja mbele ya unyayo wake. Akalitazama, akamtazama Kificho.

"Umelionaje?"

"Giza linaingia."

Wakalizunguka. Kificho sasa ndiye aliyetangulia, Ame nyuma yake, mkono begani. Walipokaribia mtaa, Kificho akapunguza mwendo.

"Ame. Jumamosi ntakwenda."

"Alhamdulillahi."

"Lakini mfikishie Serikali salamu zangu. Ntawapa jicho moja tu."

"Na la pili?"

"La pili lina kazi pangoni."

Ame akavuta pumzi, akaweka kofia yake sawa, kama anavyofanya akiwa na hoja. Walibishana jicho lipi mpaka mlangoni kwa Bi Moza.